Safari ya Ibra na Profesa Ilze

Profesa Ilze aliponiandikia kwamba anakwenda Ibra, Omani, kuomba radhi, na kwamba anaogopa kwenda peke yake, nilikata tiketi kutoka Unguja. Ni Mlatvia; alinisomesha isimu chuoni Riga. Ujanani aliishi Ibra miaka miwili kwa Bi Zuwena, mzaliwa wa Mji Mkongwe, akirekodi Kiswahili cha zamani cha Waomani waliotoka Unguja. Aliahidi kamusi. Kisha siasa za kwao zikamchukua, akawa mbunge, baadaye waziri, na kamusi ikalala.

Asubuhi tuliondoka Maskati jua halijapata ukali. Vumbi jepesi lilifunika milima, ikaonekana kama imening'inia hewani. Tulipopita mji wa Fanja mitende ilipita dirishani kimyakimya, nami nikawa kama niotaye. Ilze, aliyezoea kuhutubia bunge zima, alikuwa akinong'ona salamu za Kiswahili, akizirudiarudia.

Adhuhuri tukafika Ibra. Bi Zuwena alikuwa ameketi zuliani, macho yake yamefifia.

"Nashikamoo, Bi Zuwena," akasema Ilze.

"Marahaba. Sauti hii naijua." Akaelekeza uso kwa Ilze. "Umeniletea kitabu changu?"

"Sikukiandika, Bibi."

"Ulikuwa ukifanya nini miaka yote hii?"

Ilze akasema kweli: alikuwa akikitetea Kilatvia bungeni, lugha ya watu wachache, ili watoto wa kwao wasione haya kuisema.

"Vyema," akasema Bi Zuwena. "Yako umeipigania, yangu ukaifungia kabatini."

Ilze aliinamisha kichwa.

Alasiri, baada ya kahawa na tende, Ilze alifungua kompyuta, akacheza rekodi zake za zamani. Sebule ikajaa vicheko vya wasichana wawili: Bi Zuwena na dada yake, Bi Moza, ambaye sasa ni marehemu. "Zuwena, niletee bweta la vipuli vyangu lililo kidakani!" ilisema sauti ya Moza, mbichi kama ya leo. Bi Zuwena akaziba uso kwa mtandio.

Shemsa, mjukuu wake anayefanya kazi benki, akauliza polepole, "Bibi, kidaka eish, ni nini?"

Bibi akaondoa mtandio usoni. Akachora kwa kidole ukutani tundu lisilokuwepo. "Hapa. Tukiweka vitu." Shemsa akauliza neno jingine, kisha jingine, mpaka ukuta ukawa rangi ya shaba na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.

Kesho yake, tulipoaga, Bi Zuwena alimshika Ilze mkono. "Nimekusamehe, maana umekuja mwenyewe. Kitabu mpe mwenye nafasi."

Njiani kurudi Maskati, Ilze alitazama jangwa muda mrefu.

"Uchaguzi unakuja," akasema. "Nitagombea tena. Siasa naipenda, nisijidanganye. Rekodi chukueni nyinyi, wewe na Shemsa."

Niliudhika, nikageukia dirisha hadi Fanja. Lakini sasa kila Ijumaa Shemsa hunipigia simu kutoka Ibra, Bi Zuwena akisahihisha kwa nyuma, nami naandika kamusi. Nilichojifunza ni hiki: kazi yaweza kumaliziwa na mwengine, ila radhi haina wakili.