Tulifuma mikono ya sweta mingi kuliko watoto

Wakuu, hamjambo? Hebu niambieni, nani hapa amewahi kufuma sweta moja na mtu hajawahi kumuona uso?

Mimi nimefanya, na siongezi chumvi. Mimi naongea, mjukuu wangu Nafula anaandika. Shule niliwachia darasa la tatu.

Ilikuwa miaka ya themanini ikienda kuisha. Sisi wamama wa Kiminini tunafuma kifua na mgongo. Wamama wa Malakisi, huko Bungoma, wanafuma mikono. Mkubwa wao anaitwa Mama Nekesa. Vitu tunatumiana na basi, pamoja na kabarua kadogo.

Tukapata oda ya sweta thelathini, shule moja ya Webuye. Tukiharibu, inaenda kwa wale wa mashine.

Sasa Malakisi wakanyamaza. Wiki ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya! Nikaambia wenzangu, "Hawa wametuacha kwa mataa bana."

Tulikuwa tumemaliza vifua kumi na tano. Tukaviwacha hapo, tukaanza mikono sisi wenyewe.

(Msinicheke, hata nyinyi mngefanya hivyo.)

Siku ya kupeleka, nani namkuta kwa geti ya shule? Mama mfupi na gunia. Akajitaja: Mama Nekesa! Ndani, mikono yote sitini, safi kabisa.

Na sisi tuko na thelathini ingine!

Mwalimu mkuu, madam mkali, akaangalia ile rundo. "Nyinyi wamama, mnavalisha wasichana wangu ama jongoo?"

Akatupatia wiki moja. Mama Nekesa akakuja kwangu, tukafumua ile mikono yetu, tukafuma vifua pamoja.

Nikamuuliza, "Si ungeandika?"

"Mzee wangu alikuwa amelazwa, Mama Wafula. Ningeandika nini?"

"Ungeandika hiyo tu!"

Tulicheka mpaka sindano ikaanguka. Oda tukamaliza.

Kutoka hapo, kila Ijumaa lazima uzi itumwe na basi. Fundo moja, sweta moja imeisha. Uzi nyekundu, niko na shida. Miaka kumi hatukukosana tena.

Funzo yangu ni hiyo: mwenzako akinyamaza, uliza kwanza. Na wewe usinyamaze. Nyinyi mnaofanya kazi na watu wa mbali, mnajulishana aje? Andikeni hapo chini, nitasomewa.

Nafula naye anafanya kazi kwa kompyuta na watu hajawahi kuona. Juzi alikuwa amekasirikia mmoja, ati amepotea siku mbili. Nikamwambia hii hadithi yote.

Akaniahidi mimi nyanya yake, "Kukhu, leo nitampigia nimuulize yuko aje. Ya kazi nitauliza baadaye."