Rumba ya Gunia

Jamani, msinicheke kwanza, ngojeni nimalize ndipo mcheke, maana nikianza kusimulia jambo hili mate yananikauka mdomoni mpaka leo, na ile barabara inayopita mbele ya parokia siipiti tena mchana, nazunguka huku nyuma kwenye mihogo ya watu kama mwizi wa kuku. Aibu iliyonipata pale sijui kama imewahi kumpata mtu mwingine katika mji wetu mzima wa Kamina, na kama imempata, basi alihama.

Mimi naitwa Dieudo. Nina kibanda changu karibu na stesheni, nachaji simu za watu na kuwawekea nyimbo, na katika maisha yangu sina anasa nyingi: sinywi, sivuti, mpira siuelewi, lakini kucheza rumba, ah, hapo ndipo mtanikuta. Muziki ukilia hata nikiwa nakula, miguu inaanza kazi chini ya meza bila kuniomba ruhusa (mama alikuwa akinipiga mwiko kwa sababu hiyo, na haikusaidia kitu). Kwa hiyo kermesi ya parokia, ile sikukuu ya Jumapili ambapo watu wanauza maandazi na kuku wa kuchoma, wanafanya michezo na kuchanga chochote cha kununulia mabati ya kanisa, mimi sijawahi kuikosa tangu nizaliwe.

Sasa mwaka huu nilikuwa na mchumba, Nadine. Kwao ni Waluba wa hapa hapa, wakulima, Wakatoliki tangu babu na babu, na sisi ni watu wa Kasai, kwa hiyo babake alisita sana kabla ya kukubali (ya zamani kati ya watu wetu ni mengi, tuyaache yalale). Nilikuwa nimekwisha kujitambulisha kwao, imebaki siku ya mahari tu, na mzee alimwambia mjomba wangu waziwazi kwamba kijana wenu tumemwona ana heshima, siku tukiona kitu kingine tutasema. Na heshima yenyewe mnaijua. Kwetu na kwao, mama mkwe hatazamwi usoni, haguswi mkono, ukimwona njiani unaingia kwenye majani mpaka apite, na yeye vilevile akisikia uko mahali fulani haendi. Siku ya kujitambulisha nilitazama vidole vyangu vya miguu tangu mwanzo hadi mwisho, mjomba ndiye aliyenisemea, kwa hiyo mama yake Nadine hakuwahi kusikia sauti yangu, wala mimi yake, isipokuwa alikohoa mara moja, na kile kikohozi tu kilinitoa jasho la mgongo.

Basi wiki ya kermesi Nadine akaja kibandani. "Dieudo, hii kermesse weye ubakie nyumba. Fiancé mwenye hayatoa mahari hachezecheze mbele ya bantu. Papa atasema nini?"

Ningejibu "sawa" yakaisha. Lakini mimi huyu, mdomo wangu huu, nikaona "sawa" peke yake haitoshi, nikamwambia hata hivyo Jumapili hiyo sitakuwapo mjini, naenda Luena kumwona mjomba wangu mdogo, anaumwa sana. (Sina mjomba Luena. Sina hata rafiki Luena.) Uongo mdogo, wa siku moja, ili nikisikiliza muziki nyuma ya ukuta wa parokia asinishuku. Jumamosi Nadine akarudi na kifurushi kilichofungwa vizuri, samaki wakavu wa Kinkondja, akasema, "Mama anatuma hii kwa mugonjwa. Anasema pole." Nikashtuka, lakini nitafanyaje? Nilimpokelea mgonjwa wangu samaki wake, na jioni nikamsaidia kuwala kwa bukari, ugali wetu huo.

Jumapili nikavaa kofia, nikaenda. Nyuma ya ukuta, nimesema. Lakini nyuma ya ukuta kulikuwa na jenereta inayonguruma, rumba yote ilikuwa inazama humo, nikasogea kidogo mpaka kwenye kona, kisha kidogo mpaka kwa muuza maandazi, na pale ndipo niliposikia sauti ya Banza, rafiki yangu, ambaye kila mwaka ndiye anashika mikrofoni.

"Bababa, mukuye! Mwaka huu tuko na mucheso mupya: rumba ya gunia! Mwanaume anavaa gunia mu kichwa, haone kintu, mama mumoja anamukamata mukono, banacheza. Hakuna kusema! Benye kushinda banabeba huyu jogoo!"

Gunia kichwani. Ndugu zangu, nililitazama lile gunia la unga mkononi mwa Banza kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa mbinguni. Kichwa kikiwa ndani ya gunia nani atanijua? Babake Nadine hata akipita ataona suruali tu, na suruali nyeusi Kamina ni nyingi. Nikamkonyeza Banza, naye akanivisha mwenyewe kabla watu hawajanitazama vizuri.

Ndani ya gunia kulikuwa na unga wa kutosha kupika uji. Nikapiga chafya, nikasimama kwenye mstari na wenzangu, na kidogo nikasikia wanawake wakicheka na kusukumana, "Weye enda, weye enda, leo hauna tena excuse!", kisha mkono ukanishika. Mkono mgumu wa mtu wa jembe, nikajua ni mama mtu mzima, nikasema moyoni, haya, nitamzungusha taratibu asije akaumia kiuno.

Nimzungushe nani, ndugu zangu! Yule mama ndiye aliyenizungusha. Alikuwa anacheza rumba ya zamani, ile ya kukanyaga chini polepole kama hutaki kuamsha mtoto, halafu ghafla anageuka na wewe umegeuka naye hata hujui umegeukaje. Sijawahi kupata mwenzi kama yule. Watu wakaanza kupiga makofi, nikasikia Banza akisema wawili watatu watolewe, sisi tukabaki, na mimi furaha ikanipanda kichwani pamoja na unga. Muziki ulipopungua, mama akaninong'oneza huku tunayumba.

"Mutoto, nani alikufundisha kucheza hivi?"

Hakuna kusema, Banza alisema. Nikajibu. "Nilijifundisha peke, mama."

"Uko na bibi?"

"Niko karibu kuoa. Mais mama, minyi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Mama mukwe yangu," nikasema, na hapa, jamani, naomba mnielewe, nilikuwa nimefurahi, mtu akifurahi anatafuta la kuchekesha. "Ule mama iko mukali sawa pilipili. Banasema akicheka siku moja, mvua itanyesha mu saison sèche, mu kiangazi kabisa."

Akacheka! Akacheka mpaka paji la uso wake likagonga bega langu, nami nikacheka, tukawa tunacheka na kucheza. "Vidye!" akasema, yaani Mungu wangu. "Mama ya vile umuachie mutoto wake!"

"Hapana, mutoto njo muzuri sana. Na mama mwenyewe leo hawezi kuniona. Anajua niko Luena, kwa mujomba mugonjwa. Hata samaki alituma."

Vidole vyake vikakauka.

Sina namna nyingine ya kueleza. Mkono uliokuwa umelegea ukawa kijiti, miguu yake ikasimama, akaanza kujivuta. Na mimi nilifikiri nini? Nilifikiri amechoka! Nikamshika kwa nguvu zaidi, mikono yote miwili, nikamwambia, "Usiniachie, mama, tuko nashinda!" Akavuta, nikavuta, na watu huko nje wakadhani ni mtindo mpya, wakapiga kelele za kushangilia. Banza akapaza sauti, "Bashindaji njo hawa!", na gunia likang'oka kichwani mwangu.

Kwanza niliona mwanga. Halafu nikaona kitenge cha kijani cha wamama wa parokia. Halafu nikaona uso wa Nadine uliozeeka, uso ambao kwa miezi yote ile sikuwahi kuutazama, uko karibu na wangu kiasi kwamba niliweza kuona unga wangu kwenye nyusi zake, na nyuma yake, kando ya meza ya maandazi, Nadine ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Nilikuwa nimemshika mama mkwe. Bado. Mikono yote miwili!

Kelele zote zikakatika, ikabaki jenereta peke yake. Mama akajifunika kitenge kichwani, akanigeuzia mgongo na kuketi chini palepale kwenye vumbi, na wamama wenzake wakamzunguka wakisema "eeeh, eeeh" kama kwenye msiba. Nilitaka kuomba msamaha, lakini kuomba msamaha ni kumsemesha tena, nilitaka kupiga magoti, lakini kupiga magoti ni kumsogelea. Na Banza, ambaye yeye ni mtu wa Likasi na hajui huyu ni nani, akanibandika jogoo kifuani na kusema kwa mikrofoni, "Sasa mukumbatiane, bantu baone!"

Nikakimbia. Niliruka benchi, nikapita katikati ya vikapu vya maandazi, nikatoka langoni na kukata mji mzima bila kofia, uso mweupe kwa unga, na sikujua kwamba nimebeba jogoo mpaka nilipofika nyumbani na mjomba wangu, aliyekuwa amekaa nje (uongo wangu alikwisha kuusikia kwa watu), akaniuliza kwa upole, "Njo wanakuya hivi toka Luena siku hizi?"

Kesho yake tukaitwa. Nilimfuata mjomba nyuma nyuma, nikiwa na hakika kwamba tunaenda kurudishiwa maneno yetu na Nadine nimemkosa, na usiku wa kuamkia siku hiyo sikuwa nimelala wala kula. Babake hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliongea kama anayemweleza mtoto.

"Minyi sina neno na rumba," akasema. "Kugusa, haukuona, yeye hakujua. Kwa ile utaleta mbuzi, bazee batakula, itaisha. Mais nitakuambia kintu hauyui. Huyu mama, wakati alikuwa binti, hakuna mwenye alimupita kucheza hapa. Mukwe yetu ya kwanza alikaa Kamina miaka mingi, mama hakucheza, juu atacheza wapi, mukwe iko kila pahali? Akaenda Lubumbashi, mama akapumua. Weye ukakuya. Ile Dimanche ya kermesse benzake balimwambia: mukwe wako iko Luena, kuya ucheze leo. Njo alitoka. Ulidanganya, yeye akaamini. Unasikia?"

Nilisikia. Mpaka dakika ile nilikuwa nafikiri ni bahati mbaya, yaani wanawake wote wa parokia na mkono ulionishika ukawa ule. Kumbe hapakuwa na bahati yoyote. Kama ningekuwa nimebaki nyumbani na ukweli wangu, yeye angebaki kwake, na kama ningekwenda Luena kweli, angecheza na mtu mwingine na kurudi nyumbani na jogoo wake. Ni mimi niliyemtoa nje kwa mkono wangu. Nililia pale, mbele ya wazee, na sioni haya kusema.

Mbuzi nikaleta, wakala. Nadine alininunia wiki nyingi, na aliporudi kibandani neno la kwanza lilikuwa ujumbe: "Mama anauliza: yeye iko pilipili?" Nikainamia simu za watu, nikaanza kuzipangusa. Mngefanya nini?

Mahari yakapita, na harusi ikafika, kwenye ukumbi wa parokia ileile, na Banza na mikrofoni yake (nilimwonya). Nimevaa suti, nimekaa mbele, Nadine pembeni yangu anang'aa, na moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, maana nilikuwa nimempata. Ndipo rumba ya zamani ikaanza. Nikaona kwa pembe ya jicho wamama wakimwendea mama mkwe kule alikokaa, nyuma kabisa, amegeukia ukuta, wakamvuta mkono. Akamuuliza dada yake kitu. Dada yake akatazama upande wangu, akaitika kwa kichwa. Na mama akautoa mkono wake, akaurudisha mapajani.

Harusi ya mtoto wake! Nikamwambia Nadine narudi, nikainuka, nikatoka kwa mlango wa pembeni mpaka kule nje wanakopika. Wapishi walinishangaa, mmoja akaniuliza, "Bwana arusi, unatafuta nini huku?"

"Nangojea mama mukwe yangu acheze," nikasema.

Akanitazama juu na chini, akanipa kisu na beseni la vitunguu kwa ajili ya chungu cha pili. Nikakunja mikono ya suti, nikamenya. Baada ya muda mfupi vigelegele vikapasuka ukumbini, vile vya wanawake wanaomshangilia mmoja wao, vikaendelea na kuendelea, na mimi nikaapa pale juu ya vitunguu kwamba mtu yeyote akiniuliza niko wapi nitamwambia nilipo, hata kama ni mahali pa aibu, na kwamba kila ngoma yake itakapolia mimi nitakuwa nje. Nilimenya beseni lote.