Maji ya Kuosha Kibofu cha Baba

Baba alikuwa mbebaji wa mizigo pale bandarini Kalundu. Nikisema alihamisha nusu ya Ziwa Tanganyika kwa mgongo wake, nimepunguza kidogo kwa ajili ya heshima. Alipoanza kukojoa damu alisema ni mboga, lengalenga nyekundu alizokula jana. Lengalenga hizo zikadumu msimu mzima wa mvua, ndipo akakubali kwenda hospitali.

Walikuta uvimbe wa kansa ndani ya kibofu. Waliutoa kwa kupitia njia ya mkojo, bila kumpasua tumbo, na daktari akatueleza taratibu. Uvimbe wenyewe umetoka, ila punje zake bado zinaelea mle ndani. Zikipata pa kushika, zitaota tena. Kwa hiyo kibofu kingeoshwa kwa serumu, maji ya dripu, yaingie na kutoka mfululizo kwa mpira, yasisimame hadi kesho yake. Mifuko waliyoitundika juu ya kitanda ilikuwa mikubwa, nikadhani wanataka kuupitisha mto Ruzizi wote ndani ya baba.

Kwetu mgonjwa analindwa na ndugu zake. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alishuka kutoka Runingu na mkeka, sufuria na mbabula ya makaa. Amelinda wagonjwa wengi kiasi kwamba waganga, manesi wa wodini, wanamsalimia kama mwenzao wa kazi. Na jambo ambalo kila mlinzi wa mgonjwa hapa Uvira analijua ni kwamba serumu ya kinini, dawa ya malaria, inakwenda tone kwa tone. Ikikimbia, moyo unasimama.

Nilitoka kutafuta chai. Niliporudi, mifuko ya juu ilikuwa bado imejaa na maji yametulia ndani ya mpira.

"Shangazi, nani amefunga maji?"

"Ni minye nimefunga. Ilikuwa inakimbia kama mbuzi ya kuibwa. Weye na masomo yako ya jioni, haujaona kinini inavyoua muntu?"

"Ile si kinini. Haiingie mu damu, inaosha tu."

Baba alikuwa akitokwa na jasho, tumbo la chini limeinuka kama mkungu wa ndizi chini ya shuka.

"Nimebeba saruji miaka yote," alisema polepole, "lakini hii mimba ni ya mapacha."

Muganga wa zamu alikuja mbio. Maji yaliposimama, damu ilikuwa imeganda na kuziba mpira. Akavuta mabonge kwa bomba kubwa la sindano, yakatoka kama vipande vya maini, na baba ambaye hakuwahi kulia chini ya gunia lolote akalia. Maji yalipofunguka tena, muganga akauliza ni nani aliyegusa ule mpira.

"Ni minye," baba alisema. "Niligeuka vibaya."

Shangazi aliangalia sakafu.

Tulirudi nyumbani na mkojo mweupe, tukala samaki kama watu wa harusi. Kabla ya mvua nyingine kuanza, damu ilirudi. Daktari alisema hata kibofu kilichooshwa vizuri kansa huweza kukirudia, hakuna wa kujua sababu. Sasa imeingia ndani zaidi, hapa hawana la kufanya, labda hospitali ya Bukavu. Baba aliifikiria barabara ile, na mashimo yake ya kumeza lori na dereva wake, akasema hapana. Hawezi tena kukaa hata kwenye kiti.

Kisha akanionya juu ya dada yake: "Yaya asijue. Atasema ni mukono yake."

Shangazi bado anakuja kutoka Runingu na bidoni ya maji aliyochemsha mwenyewe, maana sasa ameamini kuosha kuliko daktari. Anamnywesha kikombe juu ya kikombe, na baba anakunywa yote, ingawa kila kikombe kitamchoma kikitoka.

"Inatoka nyeupe?"

"Kama mvua, yaya."

Anacheka, anamjazia kingine. Mimi nasikilizia pikipiki inayomleta mapema kila anapokuja, niwahi kumwaga ile ndoo ya mkojo iliyo chini ya kitanda kabla hajavua viatu.