Sabuni ya Mbu ya Mama Povu

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, naye wala hakununa. Jina lilimkaa vizuri, kwa sabuni alizopika nyuma ya nyumba yake miaka kumi na tisa, na kwa mdomo ambao ukiuchokoza utatafuta pa kukimbilia. Mikono yake ilikuwa na mabaka meupe hadi viwikoni, alama za kuunguzwa na kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, enzi zile alipokuwa akikoroga bila glavu. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, na kwa alivyomsema huyo mmoja ungedhani anao kumi.

Sabuni yake ya kufulia ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Lakini kilichompatia sifa ni ile ya kijani. Alichemsha mchaichai na majani ya mwarobaini, akachuja, akachanganya na kostiki na mafuta ya mawese, akamimina kwenye viunzi vya mbao, na kesho yake akakata vipande kwa waya. Harufu yake ilimtangulia hadi njia panda.

"Ogea hii," aliwaambia wateja, "mbu akikuona atapiga saluti apite."

Watu walicheka, wakanunua. Naye hakuwa tapeli, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe, maana tapeli walau anajua anachouza. Mama Povu aliamini. Kila jioni aliogea kipande cha kijani, na homa hakuwa ameiona kwa miaka mingi, basi akaona moja limeleta jingine. Nani angembishia?

Bintiye alikaa kwenye ndoa miaka minane bila mtoto. Maneno ya mawifi aliyala hadi akashiba. Mimba iliposhika, na ikafika mwezi wa saba, mumewe, dereva wa lori ambaye safari zake zilikuwa za wiki mbili mbili, alimleta kwa Mama Povu apate wa kumwangalia. Alifika na begi, kadi ya kliniki, na chandarua kipya alichopewa na nesi, bado kimo ndani ya mfuko wake.

Mvua zikaanza wiki hiyohiyo. Sabuni mbichi huhitaji wiki nne kwenye chanja ili ikauke, na msimu wa mvua kila kidudu chenye mabawa huidondokea kikanasa. Hakuna mteja anayetaka sabuni yenye miguu ya nzi. Kwa hiyo Mama Povu alikuwa na desturi ya kufunika chanja kwa chandarua. Mwaka huo cha kwake kilikuwa kimechanika hata kushoneka hakishoneki.

"Mwanangu, niazime hicho chako siku tatu tu, sabuni ishike."

"Na mbu je, mama?"

"Mbu? Ndani ya nyumba hii? Kwani wewe utaogea sabuni gani?"

Binti akacheka, akakitoa. Hebu fikiria: sabuni ya kufukuza wadudu imefunikwa chandarua ili wadudu wasiiguse! Angesimuliwa ya jirani, Mama Povu angecheka hadi ajishike mbavu. Lakini nyani haoni kundule. Siku tatu zikawa wiki nne, na sabuni ikakauka vizuri sana, safi, bila hata bawa moja la mdudu.

Siku moja adhuhuri, jua likiwa kali, binti aliomba blanketi. Mamake akasema ni uchovu wa mimba. Akamwogesha kwa sabuni ya kijani, asubuhi na jioni, akimsugua mgongo taratibu kama alipokuwa mdogo. Siku ya tatu binti akashika tumbo.

"Mama, huyu mtoto ametulia mno."

Walikodi bajaji. Hospitalini mkunga aliweka kipimo tumboni, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena, na alipokihamisha mara ya nne Mama Povu alijua. Malaria ilikuwa imejaa kwenye damu. Mtoto alizaliwa jioni hiyo, wa kiume, ametimia vidole vyote, amekufa.

"Lakini alikuwa anaogea sabuni ya mchaichai kila siku," Mama Povu alimwambia mkunga ukumbini. Aliisema kama mtu anayelalamika kwamba kaibiwa.

Mkunga alikuwa amechoka, ila hakuwa mkali. "Akishaoga anajisuuza, mama?"

"Sasa atabaki na povu mwilini?"

"Basi na dawa imekwenda na maji. Inayobaki ni harufu, nayo haidumu. Nasikia wako wataalamu wanaotafuta sabuni ambayo dawa yake itabaki kwenye ngozi. Labda wataipata. Lakini mbu wa malaria anauma usiku kucha, mama. Hata hiyo ikija, mtu alale kwenye chandarua."

Asubuhi mkwe alifika, nguo zina vumbi la safari. Mkunga alikuwa kando ya kitanda anajaza fomu, akimuuliza binti maswali.

"Kliniki walikupa chandarua. Ulikuwa unakitumia?"

Mama Povu alivuta pumzi. Binti akamshika mkono chini ya shuka, akaubana.

"Nilikitoa mwenyewe," binti alisema. "Nilikuwa nasikia joto."

Mkwe alimsogelea mkewe. "Miaka minane," alisema, "halafu ukashindwa kuvumilia joto." Akageuka, akatoka.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa la Mama Povu, si la mwingine. Akaona aibu, akaogopa, akajiambia hasira za mwanamume zitapoa, atamweleza kesho. Akabaki ameushika ule mkono.

Hasira hazikupoa. Sabuni ya kijani aliacha kuipika, na wateja wakiulizia anawajibu kwa mkato kwamba sabuni kazi yake ni kutoa uchafu, kalaleni kwenye vyandarua. Kwa mkwe alikwenda mara tatu kusema ukweli. Mara tatu alikaribishwa kiti, akaulizia hali ya barabara, akaaga. Mwaka haujaisha, binti akapewa talaka. Alirudi kwa mamake, maana hakuwa na pengine pa kwenda.