Siri ya Jina la Mama

Abbasi mwenye duka Mtaa wa Msimbazi aliagiza viatu Dubai kwa imeli, pale intaneti kafe. Akisahau neno la siri, kompyuta ilimuuliza jina la mama yake tu. Kufuli la uhakika hilo! Ramadhani hii mtu akalijibu swali, akaingia, na viatu vya Idi vikapelekwa duka jingine.

"Haiwezekani! Jina la mama simpi mtu, mzee wangu, nisije nikarogwa," Abbasi akaniambia.

"Na waganga je?" nikamuuliza.

"Wale wanne tu. Bila jina la mama ramli haisemi."

Basi, kwa akili zake nyingi, akaenda kwa wa tano amtajie mwizi. Nje ya pazia wafanyabiashara wenzake walijaa wakingoja zamu.

"Mama yako nani?" mganga akauliza. "Sema kwa nguvu, sisikii vizuri."

Abbasi akapaza sauti.