Siku Kumi na Nne Bila Mafuta

Kwetu mtu hatoki nyumbani akiwa amepauka. Unaweza kutoka na gauni lenye kiraka, unaweza kutoka hujala, lakini ngozi ikiwa nyeupe kwa ukavu watu wanajua huna wa kukuangalia. Mama alinilea hivyo kijijini kwetu Zagayu. Mpaka leo, na umri wangu huu, nami ni mwalimu wa sekondari hapa Bariadi, mama akija kwangu ananikagua viwiko kabla hajaitikia salamu.

Mwaka ule alikuja kwa sababu nilianguka darasani. Nina kisukari tangu nikiwa chuoni, najichoma insulini, na kwa miaka mingi sukari ikishuka mwili ulikuwa unanipa taarifa: mikono inatetemeka, jasho linanitoka, nakimbilia soda. Kisha mwili ukaacha kusema. Siku hiyo nilikuwa naandika ubaoni, nikaja kujikuta sakafuni, chaki bado mkononi, mwalimu mwenzangu ananipaka asali kwenye fizi.

Kesho yake mama akafika na mfuko mmoja wa nguo, akatangaza haondoki. Pamba ilikuwa imeshapasuka shambani, baba yuko peke yake na mgongo wake mbovu, na mama amekaa sebuleni kwangu anatazama ninavyopumua. Nikamwambia, mama, rudi ukavune.

"Nirudi nikasubiri simu ya msiba?"

Jamani, maneno ya kukata maini hayo.

Mdogo wangu anayefanya kazi nje ya nchi ndiye aliyetuma boksi. Ndani yake vipimo viwili vya kubandika, kila kimoja kidogo, cha mviringo, kina kijiuzi laini kinachoingia chini ya ngozi. Kinakaa nyuma ya mkono siku kumi na nne, kinasoma sukari na kuipeleka kwenye simu, na ikishuka simu inapiga kelele. Mama alikigeuza-geuza, akasema, "Hiki kikikaa siku zake zote bila kung'oka, nitaamini. Nitarudi shambani." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu.

Nesi wa kliniki alinieleza: safisha ngozi kwa spiriti, iache ikauke, bandika, kandamiza. Nyuma ya mkono wangu mwenyewe sipaoni, kwa hiyo kazi akapewa mama. Akafuta, akasubiri, akahangaika-hangaika kidogo huko nyuma, akabandika. Sikuuliza alikuwa anahangaika na nini.

Siku ya tatu natoka kazini, navua blauzi, kidude kikabaki ndani ya blauzi. Na kikishang'oka ndiyo basi, hakirudishiki. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nililaumu jasho, nikalaumu jua la Bariadi, nikawalaumu waliokitengeneza kwa kutumia gundi ya bahasha. Kisha nikapitisha kidole pale kilipokuwa. Palikuwa panateleza.

"Mama. Ulinipaka nini hapa?"

"Mafuta kidogo tu, ya mgando. Ile dawa ya nesi ilikuacha mweupe kama mtoto wa kutupwa. Ningekuacha uende hivyo mbele za watu?"

Nilipiga kelele ambazo sijawahi kumpigia mama yangu. Nikamwambia anayekuja kuniua si sukari, ni yeye. Aliingia chumbani, nikamsikia anakunja nguo. Nilikuwa natamani aondoke, ndiyo, lakini si kwa namna ile, na aibu iliyonishika usiniulize. Sikuweza hata kula.

Asubuhi nilimkuta amekaa, mfuko uko pale pale.

"Kipo kingine?"

"Kimoja tu, mama. Na jana..."

"Kilete."

Alinawa mikono kwa sabuni ya mche mara tatu, mpaka viwiko. Akaniosha mkono, akafuta kwa spiriti, akakaa kunipepea kwa daftari la wanafunzi mpaka aliporidhika. Akabandika, akakandamiza kingo kwa dole gumba muda mrefu hata nikachoka kusimama. Juu yake akaweka plasta pana, na juu ya plasta akafunga kipande cha kanga kuukuu, si cha kubana. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla sijatoka, alifungua kanga, akakandamiza kingo, akafunga tena. Jana ile hatukuizungumza.

Jumapili tulikwenda kanisani. Mlangoni tukakutana na mama mmoja wa kwetu Zagayu. "Mwangaluka, mayu!" akamwamkia mama kwa Kisukuma. Akamshika mkono, akauangalia, akaugeuza. Nami nikauangalia. Ulikuwa mweupe kama umetoka kwenye unga, vidole vimepasuka kwenye viungo.

"Huyu mwalimu wako hana hata mafuta ya kukupa?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mama naye akacheka, akauliza habari za nyumbani. Mimi nikasimama pale kama nimemwagiwa maji. Kumbe tangu asubuhi ile hakuwa amejipaka mafuta hata tone, kwa sababu dole lake ndilo linalogusa plasta yangu. Kunawa kwa sabuni kungetosha, na mimi niliyesoma ningeweza kumwambia, lakini sikuwa nimemtazama mikono hata mara moja.

Katikati ya mahubiri simu yangu ikalia. Watu wakageuka. Mimi najiona mzima kabisa, sina hata tetemeko, lakini sukari inashuka mbio. Mama alikuwa ameshafungua fundo la kanga yake, akanitilia kiganjani pipi mbili, kisha ya tatu. Tukaiangalia simu pamoja, vichwa vimegusana, mpaka namba zikaanza kupanda. Mchungaji aliendelea kuhubiri. Mama akashusha pumzi ndefu, na nikajua sasa ameamini.

Siku ya kumi na nne ilipotimia, alikibandua mwenyewe, taratibu, kikiwa bado kimeshika. Boksi lingine lilikuwa limeshafika. Mwalimu mwenzangu, yule wa asali, alikuwa amefundishwa kukandamiza. Mama akafunga mfuko wake.

Nilileta kopo la mafuta, nikamshika mkono wa kushoto bila kumuomba ruhusa. Nikaupaka polepole, kidole kwa kidole, kwenye ile mipasuko. Nikasema, "Mama, nisamehe kwa lile neno." Akasema, "Lipi?" Nilipotaka kuushika wa kulia, akaurudisha nyuma.

"Huu uache. Bado sijakubandika kipya."

Akanibandika kwa mkono huo, akakandamiza mpaka pikipiki ya kumpeleka stendi ikapiga honi mara tatu nje. Nikamwambia angoje nimpake na ule mwingine. Akasema, "Baba yako ana siku nyingi peke yake." Akabeba mfuko, akatoka uani, akawaaga majirani zangu wote mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, ule mweupe, na hakuuficha.