Manyunyu ya Ghorofa ya Juu

Sijaona wa mtaa wa Buyenzi ni mwanamke wa maneno machache, na kazini aliyemjua vizuri kuliko wote alikuwa Danielle. Walisafisha vyumba pamoja katika hoteli moja ya kando ya ziwa, hapa Bujumbura. Sijaona ni Mwislamu, mzaliwa wa mji, mke wa Amissi, fundi magari. Danielle alikuwa Mkatoliki wa mtaa wa Kinama, mjane mwenye ugonjwa wa sukari, akiishi na mama yake, Adélaïde. Mchana walikula sahani moja nyuma ya chumba cha kufulia: huyu analeta wali, yule analeta maharage na ndagala, dagaa wa ziwani.

Mafuta ya gari yalipoadimika mjini na wageni wakapungua, hoteli ilifunga ghorofa yake ya juu. Moto wa mtungi wa kuchemshia maji ukapunguzwa ili kuokoa umeme. Huko juu maji yakabaki ndani ya mabomba miezi na miezi, yamesimama, si ya moto wala si ya baridi. Kisha ukatangazwa mkutano mkubwa, na direkta wa hoteli, Révérien, akawaita wale wawili.

"Fungueni vyumba vyote vya juu," aliwaambia. "Nataka bafu zing'ae."

Danielle alipofungulia bomba la kuogea katika chumba cha kwanza, lilikohoa, likatema maji mekundu ya kutu, halafu likaanza kurusha manyunyu. Yalinuka matope. Bafu zile zina vidirisha vidogo, na hewa ilijaa unyevu mpaka kioo hakikuonyesha kitu. Walisugua chumba baada ya chumba, nyuso zimelowa.

"Leo tumeoga bila kuvua nguo," Danielle alisema, na Sijaona akacheka.

Mkutano ulikuwa haujaisha Danielle alipoanza kutetemeka kwa homa. Kichwa kilimgonga, misuli ikauma, na kikohozi kikavu kikamshika. Alidhani ni malaria, kama mtu yeyote wa mji huu angedhani, akameza dawa za malaria akaendelea na kazi.

"Itapita, dada," alimwambia Sijaona. "Mi nazoea haya."

Haikupita. Katika zahanati ya mtaani kwao walimpa vidonge vya kifua, navyo havikumsaidia. Tumbo likaharibika, akaanza kuweweseka, akimwita mume wake aliyekwisha kufa. Adélaïde alipomfikisha hospitali, Danielle alikuwa akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Hakufika asubuhi ya pili.

Sijaona hakumzika rafiki yake. Siku ya maziko naye alikuwa amelazwa katika hospitali ileile, na homa ileile. Daktari aliyempokea, Maxime, ndiye aliyekuwa amemhudumia Danielle. Alitazama picha ya mapafu ya huyu, akakumbuka ya yule, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, wewe na yule wa Kinama munafanya kazi pamoja?"

"Ndiyo, Dokta."

"Munafanya nini huko?"

Sijaona alimweleza kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno machache: ghorofa iliyofungwa, maji mekundu, manyunyu. Daktari akaagiza mkojo wake upelekwe kupimwa, na bila kusubiri majibu akambadilishia dawa. Majibu yalipokuja yalithibitisha aliloshuku. Ugonjwa unaitwa lejionelozi. Vijidudu vyake huzaliana ndani ya maji ya uvuguvugu yaliyosimama, kwenye kutu na utelezi wa mabomba. Mtu akivuta manyunyu yake, vinashuka mapafuni. Hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kukaa na mgonjwa, lakini mwenye sukari, mzee au mvuta sigara huangushwa upesi.

Sijaona alipona, ingawa hakurudi alivyokuwa. Alipoweza kutembea, Amissi alimsindikiza Kinama kutoa pole. Uani hakuna aliyewapa kiti.

"Mulikula sahani moja," Adélaïde alisema, bila kupandisha sauti. "Mutoto wangu amekufa. We uko hapa."

"Mama, mi pia nililazwa."

"Mwenye sumu anajua dawa yake."

Amissi alitaka kujibu, Sijaona akamshika mkono wakaondoka. Njiani hakulia. Alilia siku nyingine, akiwa peke yake, sahani ikiwa mbele yake.

Baadaye alimwomba daktari aende naye Kinama, na Maxime akakubali. Alimweleza Adélaïde polepole, kwa Kirundi, na bibi yule akasikiliza hadi mwisho, mikono imelala mapajani.

"Basi ni maji," alisema.

"Ni manyunyu ya maji, mama."

"Na ingewezekana kuyazuia?"

Daktari aliinamisha kichwa. "Ingewezekana. Maji ya moto yawe moto kweli, ya baridi yawe baridi. Bomba lisilotumika lifunguliwe kila wiki, maji yatembee. Tangi lisafishwe, vichwa vya mabomba visuguliwe na kutiwa dawa. Hayo tu."

"Hayo tu," Adélaïde alirudia. Akaingia ndani, hakutoka tena.

Watu wa afya walikwenda hotelini. Tangi likakaushwa na kusafishwa, mtungi ukarudishiwa moto wake, mabomba ya juu yakapitishiwa maji yanayochoma na vichwa vyake vikabadilishwa. Révérien aliwakusanya wafanyakazi akawaambia jina la ugonjwa ule lisitajwe mbele ya wageni. Kama kuna mtu wa mkutano aliyeugua baada ya kurudi kwao, hakuna aliyeuliza. Familia ya Danielle ilipelekewa shada la maua.

Sijaona yupo hotelini bado, kwa kuwa hajapata kazi kwingine. Ngazi zinamchosha, kwa hiyo siku nyingi anakunja mashuka chini. Mahali pa Danielle ameajiriwa msichana anayeitwa Joëlla. Wiki yake ya kwanza Sijaona alipanda naye juu, akisimama kila baada ya ngazi chache.

"Chumba kilicholala, fungua dirisha kwanza," alimwambia. "Bomba lifungulie polepole, kichwa chake kiwe ndani ya ndoo, kisirushe. Halafu toka, funga mulango, ungoje."

"Kwa nini, mama?"

Sijaona alitazama kule korido ilikoishia, asione mtu, akamwambia yote, pamoja na jina la ugonjwa na jina la Danielle.

Kinama bado kuna wanaosema Danielle alilishwa sumu na rafiki yake wa Buyenzi. Wakisema hivyo mbele ya Adélaïde, hakubali na hakatai. Anaendelea kuchambua maharage yake, na maneno yanaendelea kutembea.